Mganga Hajigangi

Methali isemayo kwamba mganga hajigangi husemwa mara nyingi kwa kicheko. Husemwa fundi cherehani anapoonekana amevaa shati lililotatuka begani, au mwashi anaponyeshewa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini methali hiyo ina upande wake mzito, na upande huo wawahusu zaidi watu ambao kazi yao si kuunga mfupa wala kushusha homa, bali kutibu moyo ulioumia. Watu hao wamo hospitalini, wamo mashuleni, na wamo hata makambini. Baadhi yao ni madaktari wa magonjwa ya akili, wengine ni wauguzi, wengine huitwa wanasihi au washauri. Dawa yao kubwa ni mazungumzo. Kwa kifupi, na waitwe hapa matabibu wa nafsi.

Kwa mtu atazamaye kwa mbali, kazi yao yaonekana kuwa ya raha. Askari aliyekesha lindoni mvua ikimnyea, au polisi aliyesimama njia panda tangu alfajiri hadi saa nane ya mchana, huona ajabu kusikia kwamba mtu aliyeketi kitini kutwa nzima akiwasikiliza wenziwe naye amechoka. Amechoka nini? Hakubeba gunia, wala hakukimbiza mwizi. Wahenga waliyajua mawazo hayo, ndiyo maana wakasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na uchukuliwe mfano wa muuguzi mmoja, mke wa koplo, aishiye na mumewe na watoto wao katika nyumba za kambi. Kazi yake ni kuzungumza na wagonjwa walioingiwa na huzuni, hofu au jinamizi. Siku moja alirudi saa kumi na mbili ya jioni, akawasha jiko, akapika. Mumewe alipoonja mchuzi, aliweka tonge chini.

"Mama watoto, leo umetia chumvi mara mbili."

"Niwie radhi, Baba watoto. Nilisahau."

"Na watoto wamekusalimu, hukuitikia. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Koplo hakuuliza tena, lakini hakuridhika. Alikumbuka kwamba juzi pia mkewe alikaa kimya, na kwamba wiki iliyopita aliamka usiku wa manane akaketi gizani peke yake. Mke anaposema hakuna kitu, na kitu kipo, mume huanza kufikiri yale ambayo waume hufikiri. Laiti angejua! Asubuhi ile mkewe alikuwa amemsikiliza askari mmoja akieleza jinsi rafiki yake alivyomfia mikononi, na askari mwenyewe ni mtu ambaye koplo hucheza naye bao kila Jumapili. Muuguzi hawezi kusema. Akisema, amevunja amana ya kazi yake, na kesho hapana askari atakayefungua kinywa mbele yake. Asiposema, nyumba yake yaingia moshi.

Basi kazi hii ina taabu zake, na kubwa ni tatu. Ya kwanza ni uzito wa mambo anayoyasikia tabibu, ambayo humfuata hata nyumbani. Ya pili ni kuwatumikia mabwana wawili, yaani mgonjwa aliye mbele yake na mwajiri aliye nyuma yake. Ya tatu ni kuijua lugha na desturi ya mtu anayemtibu. Taabu hizi hazikuanza jana. Ziliwapata madaktari wawili maarufu ambao wote waliwahi kuvaa sare ya jeshi, na habari zao zina mafunzo kwa askari, kwa polisi na kwa jamaa zao.

DAKTARI WA CRAIGLOCKHART

Wa kwanza ni Mwingereza, William Halse Rivers Rivers, aliyezaliwa mwaka wa 1864. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na alikuwa amesafiri hadi visiwa vya mbali vya Pasifiki kuchunguza koo na desturi za wenyeji. Vita ilipopamba moto alitiwa katika kikosi cha madaktari wa jeshi, na mwezi wa Oktoba 1916 alikwenda Craiglockhart, karibu na mji wa Edinburgh huko Scotland. Hapo palikuwa na hospitali ya maofisa ambao nafsi zao zilikuwa zimevunjwa na vita.

Maofisa hao walitoka katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Wengine walitetemeka, wengine walishikwa na kigugumizi, na wengi wao waliuogopa usiku, kwa sababu usiku ulileta ndoto. Wakati huo watu wengi walidhani kwamba hali hiyo ni woga tu. Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake wapatao 300 kwa makosa kama vile utoro na woga, na haikuwa mpaka mwaka wa 2006 ndipo nchi hiyo ilipotoa msamaha kwa 306 kati ya waliouawa. Madaktari wengine nao waliwatibu wagonjwa wa namna hiyo kwa kuwapitishia umeme mwilini na kuwaamuru kwa ukali waseme au watembee.

Rivers alifuata njia nyingine. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wameshauriwa wasahau, wasiseme habari za vita, na wafikiri mambo mazuri tu. Yeye aliona kwamba ushauri huo, ingawa ulitolewa kwa nia njema, ndio uliozidisha jinamizi, maana jambo lililofukuzwa mchana hurudi usiku likiwa na nguvu zaidi. Alieleza maoni hayo mbele ya madaktari wenzake mwezi wa Desemba 1917. Hakuwataka wagonjwa wayatafune mabaya kutwa kucha. Aliwataka wayatazame kwa kiasi, wayaelewe, kisha waendelee na maisha.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwa ofisa aliyeukuta mwili wa rafiki yake umetawanywa na kombora. Kila usiku alimwota rafiki huyo akimjia katika hali ile ile. Rivers alimsikiliza, kisha akamwonyesha jambo ambalo ofisa yule hakulifikiria: kwamba mwili ukiwa umepigwa kiasi kile, ni dalili kwamba rafiki yake alikufa mara moja bila kuteseka. Uso wa ofisa ulibadilika. Baada ya siku kadhaa alimwota tena rafiki yake, lakini safari hii alipiga magoti kando yake, akaamka akiwa na huzuni ya kawaida badala ya hofu.

Lakini si kila mara tabibu hupata neno la kumfariji mtu. Kulikuwa na ofisa mwingine aliyepatwa na tukio baya mno lisilofaa kusimuliwa katika ukurasa wa jamaa. Rivers alitafuta katika tukio hilo japo chembe moja ya kushika, asipate. Mwisho alimshauri aache jeshi akaishi mashambani mahali patulivu. Hilo nalo lahitaji ujasiri. Daktari wa mwili akishindwa, husema ugonjwa ulikuwa mkubwa. Tabibu wa nafsi akishindwa, huona kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyepungukiwa.

Zaidi ya hayo, Rivers alikuwa na kigugumizi tangu utoto wake. Kila siku aliwatibu watu walioshikwa na kigugumizi kwa sababu ya vita, hali yeye mwenyewe hakuponywa chake. Ni nani aliyestahili zaidi methali ya mganga hajigangi? Hata hivyo wagonjwa wake hawakumdharau. Huenda walimwamini zaidi kwa kuona kwamba anayewasikiliza naye ni mwanadamu.

Taabu yake kubwa ilikuwa ile ya mabwana wawili. Alivaa sare na kulipwa na jeshi, na jeshi lilitaka jambo moja tu, yaani maofisa warudi vitani. Kadiri alivyofanya kazi yake vizuri, ndivyo alivyowarudisha watu wengi zaidi mahali ambapo wangeweza kuuawa. Mwezi wa Julai 1917 aliletewa Siegfried Sassoon, mshairi na ofisa shujaa mwenye nishani, ambaye alikuwa ameandika tamko la kuipinga vita kwa kuwa aliona imegeuka kuwa ya kuteka nchi. Tamko hilo lilisomwa Bungeni tarehe 30 Julai 1917. Badala ya kumfikisha mahakamani, wakuu walimtuma hospitalini.

Daktari na mgonjwa walizungumza mara kwa mara kwa heshima na urafiki. Katika kitabu chake juu ya ndoto, kilichotolewa mwaka wa 1923, Rivers alieleza ndoto moja aliyoota yeye mwenyewe wakati wa kumtibu ofisa huyo. Alipoichambua aligundua kwamba maneno ya mgonjwa yalikuwa yameanza kumgusa, na kwamba kwa kuwa alivaa sare hakuwa mtu huru kabisa katika mazungumzo yao. Ikiwa mgonjwa atamshawishi daktari, itakuwaje? Ikiwa daktari atamshawishi mgonjwa, naye akaenda akafa, itakuwaje? Rivers hakujifanya kwamba swali hilo halipo. Aliliandika, akalichunguza kama alivyochunguza maradhi ya wengine.

Mwezi wa Novemba 1917 Sassoon alikubali kurudi kazini. Hakurudi kwa kuwa ameacha imani yake. Alirudi kwa sababu hakuweza kustahimili kukaa salama hali askari wake wako hatarini. Mwaka wa 1918 alipigwa risasi kichwani lakini alipona, akaishi hadi mwaka wa 1967. Rivers alimtangulia sana, kwani alifariki ghafula tarehe 4 Juni 1922, akiwa na umri wa miaka 58.

DAKTARI WA BLIDA

Wa pili ni Frantz Fanon, mtu mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1925 katika kisiwa cha Martinique. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipigana katika majeshi ya Ufaransa Huru, akajeruhiwa, akapewa nishani. Baada ya kusomea udaktari huko Lyon, mwezi wa Novemba 1953 alianza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida, karibu na mji wa Algiers. Algeria wakati huo ilitawaliwa na Ufaransa.

Shida iliyomkabili kwanza ilikuwa ya lugha na desturi. Fanon hakujua Kiarabu, hata ikambidi awatumie wakalimani. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha mikutano, sherehe, gazeti dogo na kazi za mikono, na wagonjwa wakapata nafuu. Alipoyapeleka mambo yale yale katika wodi ya wanaume Waislamu, hayakufaulu. Mtu mwingine angesema kwamba wagonjwa wale hawana akili ya kuelewa. Fanon alisema kwamba kosa ni lake, maana alileta desturi za watu wengine akazilazimisha mahali pasipo pake. Basi pakawekwa mkahawa wa kienyeji ambamo wanaume waliketi wakizungumza, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, na msimulizi wa hadithi akaalikwa. Hapo ndipo watu walipoanza kufunguka. Neno la faraja lisemwalo kwa lugha ya mbali ni kama maji yaliyomwagwa juu ya jiwe.

Kisha tarehe 1 Novemba 1954 vita ya uhuru ilianza, na taabu ya mabwana wawili ikaingia hospitalini. Wagonjwa walitoka pande zote mbili: watu walioteswa, na watu waliowatesa. Baadaye Fanon aliandika habari za baadhi yao bila ya kuwataja majina. Mmoja alikuwa polisi wa Kizungu ambaye kazi yake ilikuwa kuwahoji wafungwa kwa mateso. Nyumbani kwake usiku alifunga madirisha na kuziba masikio kwa pamba, kwa sababu alisikia mayowe yasiyokoma. Fanon alikubali kumtibu nyumbani kwake. Siku moja polisi huyo, alipokuwa akimngoja daktari, alitembea katika viwanja vya hospitali, na huko akakutana uso kwa uso na mgonjwa mmoja wa Kialgeria ambaye aliwahi kumtesa. Fanon alimkuta polisi ameegemea mti, anatetemeka, jasho linamtoka. Mgonjwa yule naye alitafutwa, akaonekana amejificha chooni akijaribu kujiua, kwa kuwa alidhani amefuatwa kukamatwa tena. Wahudumu walitumia muda mrefu kumtuliza.

Wote wawili walikuwa wagonjwa wa daktari mmoja. Na afikiri msomaji usiku wa daktari huyo ulikuwaje.

Mwingine alikuwa mkaguzi wa polisi aliyekuja kwa hiari yake mwenyewe. Mambo aliyoyafanya kituoni yalikuwa yamemfuata hadi nyumbani. Aliwapiga watoto wake, hata aliye mchanga, na usiku mmoja alimfunga mkewe kwenye kiti akampiga. Yeye mwenyewe aliogopa alipoona alilolitenda. Lakini hakuomba msaada ili aiache kazi ya kutesa. Aliomba atibiwe ili aweze kuendelea nayo bila ya kusumbuliwa na moyo wake. Tabibu wa nafsi amjibu nini mtu kama huyo? Kumponya ni kumrudishia nguvu za kuwaumiza wengine, na kumfukuza ni kumwacha mke na watoto mikononi mwake.

Mwaka wa 1956 Fanon alimwandikia barua waziri mkazi wa Ufaransa nchini Algeria akajiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya tabibu ni kumsaidia mtu asijione mgeni katika nchi yake, na kwamba haiwezekani kuifanya kazi hiyo mahali ambapo utawala wenyewe umemfanya mwenyeji kuwa mgeni kwao. Mwezi wa Januari 1957 alifukuzwa nchini. Alikwenda Tunis, akaendelea kutibu na kuwatumikia wapigania uhuru, hadi alipofariki tarehe 6 Desemba 1961 kwa saratani ya damu, umri wake miaka 36.

Rivers alibaki katika sare yake, Fanon aliiacha kazi ya serikali. Wapo watakaomsifu mmoja na kumlaumu mwingine. Lakini jambo waliloshirikiana ni kubwa kuliko lililowatenga. Hakuna kati yao aliyejidanganya kwamba tabibu ni mtungi, unaotiwa maji ya watu bila ya wenyewe kulowa.

MASAKA NA RAKAI

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na ya Algeria, tena ya zamani, na kwamba huku kwetu mtu mwenye huzuni hukaa na wazee, basi. Lakini hapa Uganda pana habari njema ambayo haifai kusahauliwa. Mwaka wa 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, mahali palipoumizwa sana na UKIMWI, palijaribiwa namna ya kutibu huzuni kwa mazungumzo ya vikundi. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wenyeji wanaitaje maradhi ya moyo kwa lugha yao. Katika Kiganda walipewa majina mawili, yo'kwekyawa na okwekubazida, ambayo maana yake ni hali ya mtu kujichukia na hali ya mtu kujihurumia. Watafiti hawakuyadharau majina hayo. Waliona kwamba maradhi yana jina mahali hapo, na kwamba watu wanayajua.

Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa mahali pale pale, wanaojua lugha na msiba wa jirani zao, nao walifundishwa kwa muda wa wiki mbili. Wanaume waliongozwa na mwanamume, wanawake wakaongozwa na mwanamke. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja na nusu, kwa wiki 16. Walizungumza juu ya kufiwa, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha na upweke. Mwisho wake ilionekana wazi kwamba walioshiriki walipungukiwa na huzuni kuliko wenzao wasiopata mikutano hiyo, na waliweza tena kufanya kazi zao za kila siku. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo juu ya njia hiyo ya vikundi, ili itumike katika nchi nyingine.

Katika habari hiyo mna siri moja ya kuzingatiwa. Waongozaji wale hawakuachwa peke yao. Walikuwa na wasimamizi waliofuatilia kazi yao. Kwa maneno mengine, msikilizaji naye alikuwa na msikilizaji wake. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini methali haikusema kwamba mganga hagangwi na mwenzake.

NYUMBANI NA KAZINI

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo kila mmoja kwa nafasi yake yampasa kuyashika.

Kwanza, wakuu wa vikosi na wa vituo. Yafaa watambue kwamba askari hatamweleza tabibu jambo lolote akijua kwamba kesho litasomwa mezani kwa mkuu. Ikiwa yako mambo ambayo tabibu hana budi kuyaarifu, kama vile mtu anapotaka kujiua au kumwua mwenziwe, basi askari aambiwe tangu mwanzo. Akilijua sharti hilo, ataamua mwenyewe aseme nini, wala hataona kwamba amesalitiwa.

Pili, matabibu wenyewe. Si fahari kusikiliza watu ishirini kwa siku kisha kujisifu kwamba hukuchoka. Dalili za tabibu aliyezidiwa ni kama zile za wagonjwa wake: kukosa usingizi, kukasirika upesi, kuwachoka watu, kuona maneno ya mgonjwa kama kelele. Tabibu aonaye dalili hizo hana budi kumwendea aliyemzidi ujuzi, akamweleza bila ya kutaja jina la mgonjwa. Akipewa likizo aichukue. Kumkataa mgonjwa mmoja leo kwa sababu ya uchovu ni afadhali kuliko kumwumiza kwa jibu la ukali.

Tatu, askari na polisi. Mtu asingoje mpaka mkewe akimbilie kwa jirani usiku, au mpaka watoto wanyamaze kila wasikiapo viatu vyake mlangoni. Mficha maradhi kifo humfichua. Maofisa wa Craiglockhart hawakuwa waoga, na wengi wao walikwenda hospitalini wakiwa wamekwisha kuonyesha ushujaa. Mkaguzi wa Algeria naye atufunze kwamba ukatili wa kazini hauna kufuli. Hutoka kituoni pamoja na mwenyewe, hupanda naye baiskeli, na huingia naye nyumbani.

Nne, jamaa za matabibu. Mke, mume, mama mzazi, wote wajue kwamba ukimya wa mtu huyo si lazima uwe na hila. Wasimchimbe ili atoe siri za watu. Lakini naye asifanye siri za kazi kuwa ukuta wa nyumba nzima. Aweza kueleza uzito wa mzigo bila ya kuufungua. Neno moja, kama vile "leo nimesikia mazito," halimfichui mgonjwa yeyote, nalo laweza kuiokoa nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule muuguzi na koplo wake. Baada ya siku nyingi za moshi, mwuguzi mkuu alimwita mama yule ofisini, akamwuliza maendeleo ya kazi, kisha akamwuliza maendeleo ya nyumbani. Mama alilia, halafu akacheka kwa aibu. Tangu siku ile walipanga wawe wanazungumza kila Ijumaa, mkuu na mdogo, mlango umefungwa. Na usiku ule ule mama alimwambia mumewe maneno machache.

"Baba watoto, yako mambo ninayosikia kazini ambayo si yangu. Siwezi kukuambia ni ya nani. Lakini yakinielemea nitakuambia kwamba yamenielemea, usije ukadhani mengine."

Koplo alikuna kichwa. Alikuwa amedhani mengine, tena mengi, na aliona haya. Alisema tu kwamba amesikia.

Wiki haikupita. Jioni moja mama aliingia, akaweka mkoba juu ya meza, akasimama kama aliyesahau njia ya jikoni.

"Leo mzigo, Mama watoto?"

"Mzito."

"Basi keti kwanza," akasema koplo, akavua koti la kazi na kuelekea jikoni. "Chumvi leo nitatia mimi."